Ramani Haichimbi Mlima: Roma ya Kale na Elimu ya Mhandisi wa Leo



Nimeombwa nizungumzie uhandisi wa Roma ya kale na elimu ya teknolojia katika vyuo vikuu vya leo. Mada hii ina mtego. Ni rahisi mzungumzaji kuyasifu matao na makuba kwa saa nzima, kisha akawageukia vijana na kuwalaumu kwamba hawajengi kama watu wa kale. Tusisahau kwamba majengo ya Kirumi tunayoyaona ni yale yaliyosimama. Yaliyoanguka hayana watalii. Kwa hiyo leo nitasema zaidi juu ya kazi zilizokwenda kombo, kwa kuwa humo ndimo mwalimu wa uhandisi anapata somo.

Hoja yangu ni moja. Ukifuatilia mahali Warumi walipokwama, mara kwa mara utakuta mwenye kujua amekaa upande mmoja na mwenye kutenda amekaa upande wa pili, na katikati yao pana ukuta. Ukuta huo tumeurithi, na vyuo vyetu vimeupiga lipu na kuupaka rangi.

Mlima wa Saldae

Katikati ya karne ya 2 BK, mji wa Saldae, ambao leo unaitwa Béjaïa katika pwani ya Algeria, ulihitaji maji. Chanzo kilikuwa umbali wa kilomita zipatazo 20, na njiani palikuwa na mlima. Jeshi la Roma lililopiga kambi Lambaesis, huko bara, lilikuwa na mpimaji aliyeitwa Nonius Datus. Akatumwa. Akaupima mlima, akapigilia vigingi juu ya mgongo wake kuonyesha mstari ambao handaki lingeufuata chini, akachora michoro, akamkabidhi mkuu wa jimbo, akarudi kambini. Kwa lugha ya leo, mshauri alikuwa amekabidhi ripoti yake.

Miaka ikapita. Kisha mkuu mwingine wa jimbo, Varius Clemens, akaandika barua kwa kamanda wa jeshi akimwomba Datus arudishwe Saldae, kwa kuwa kazi ilikuwa imekwama. Datus akafunga safari. Njiani akavamiwa na majambazi, akajeruhiwa, akavuliwa nguo, akaponea chupuchupu. Alipofika akakuta watu wamenyong'onyea na wamekata tamaa. Vikosi viwili vilikuwa vimeanza kuchimba kutoka pande mbili za mlima, vikutane katikati. Jumla ya urefu uliochimbwa ilikuwa imeshazidi upana wa mlima wenyewe, na vikosi havijakutana. Kila kimoja kilikuwa kimepinda kuelekea kuume kwake. Walikuwa wamepishana ndani ya mwamba.

Tunayajua haya kwa sababu Datus mwenyewe aliyachongesha kwenye jiwe huko Lambaesis, pamoja na nakala za barua za wakubwa. Juu ya jiwe hilo zimechongwa sura za wanawake watatu: Subira, Ushujaa na Tumaini.

Nawaomba wanafunzi mlitazame tatizo hili kwa jicho la kikazi. Vigingi vilikuwa mlimani. Michoro ilikuwepo. Wachimbaji walikuwepo, wala hawakuwa wavivu, maana wangekuwa wavivu wasingechimba kupita kiasi. Kilichokosekana ni mtu wa kuuchukua mstari ulioko juu ya mlima na kuushusha gizani, siku baada ya siku, kwa kamba na timazi, akikagua kila hatua chache. Kosa la nyuzi kidogo mdomoni mwa handaki huwa mita nyingi kadiri unavyoingia ndani. Ramani haiwezi kulisahihisha kosa hilo, kwa sababu ramani haijui kwamba kosa limetokea.

Datus alivyorekebisha ni somo la pili. Aligawa kazi upya ili kila kundi lijue sehemu yake, kisha akawashindanisha askari wa majini na askari wa kikosi cha milimani. Handaki la zaidi ya mita 400 likatoboka, maji yakapita, na mkuu wa jimbo akauzindua mradi. Upimaji na uongozi wa watu vilikuwa kazi moja mikononi mwa mtu mmoja. Katika ratiba zetu, la kwanza ni somo la mwaka wa pili na lile jingine halina mwalimu.

Mtaala wa Vitruvius

Zaidi ya karne moja na nusu kabla ya safari hiyo, Vitruvius, mjenzi aliyewahi kuhudumia mitambo ya vita ya jeshi, aliandika vitabu kumi juu ya ujenzi akavitoa kwa Kaisari Augusto. Mapema katika kitabu cha kwanza analishughulikia swali ambalo hata sasa hutuchukulia vikao virefu vyuoni: mjenzi afundishwe nini? Orodha yake ina uchoraji, jiometri, hesabu, historia, falsafa, muziki, tiba, sheria na elimu ya nyota.

Mtu anaweza kucheka. Muziki wa nini kwa mjenzi? Vitruvius ana jibu la kikazi. Mitambo ya kurusha mawe na mishale ilipata nguvu kutoka kwa mafungu mawili ya kamba za mishipa ya wanyama zilizosokotwa na kukazwa. Fungu moja likikazwa kuliko lingine, shabaha inakwenda upande. Fundi alizipiga kamba hizo na kusikiliza mpaka pande zote mbili zitoe sauti moja. Sikio lilikuwa chombo cha upimaji. Tiba nayo ilimsaidia mjenzi kuchagua mahali penye hewa na maji salama, na katika kitabu cha nane Vitruvius anaonya juu ya maji yanayopita katika mabomba ya madini ya risasi, akitaja ushahidi wa kupauka kwa mafundi wanaoyayeyusha madini hayo. Sheria alihitaji ajue haki za kuta za mpakani, maji ya mapaa, mifereji ya majitaka na madirisha, ili asiwaachie wenye nyumba kesi baada ya jengo kukamilika.

Kisha anasema jambo zito zaidi. Wajenzi waliotegemea mikono bila elimu, anasema, hawakupata hadhi inayolingana na jasho lao. Na waliotegemea vitabu peke yake walikimbiza kivuli. Maneno hayo yamewekwa mwanzoni mwa kitabu, kabla ya matofali na kabla ya mchanga. Tukiyasoma leo tusidhani kwamba Roma ilikuwa hivyo. Mwandishi hasisitizi jambo ambalo kila mtu analitenda. Vitruvius alikuwa analalamika.

Mkurugenzi wa maji na mwalimu wa Alexandria

Mwaka 97 BK Kaisari Nerva alimteua Sextus Julius Frontinus kusimamia maji ya jiji la Roma. Alikuwa mtu mzima mwenye jina, aliyewahi kuwa gavana wa Britania. Angeweza kukaa ofisini akapokea taarifa. Aliona ni aibu kwa mkuu kuongozwa na wasaidizi wake katika kazi asiyoielewa, kwa hiyo akaanza kuikagua mifereji yote tisa iliyoleta maji jijini, akaandika kitabu kwa ajili ya kujifunza mwenyewe.

Alichokikuta katika madaftari kitamchekesha mhasibu yeyote. Maji yaliyoandikwa kuwa yameingia yalikuwa vipimo 12,755. Maji yaliyoandikwa kuwa yamegawiwa yalikuwa 14,018. Jiji lilikuwa linatoa maji ambayo halijayapokea. Alipokwenda kupima kwenye vyanzo akakuta kiasi kinachoingia kwenye mifereji ni kikubwa kuliko kilichoandikwa kote, na kingi kinapotelea njiani. Wenye mashamba walitoboa mifereji. Mafundi wa maji walichomeka mabomba ya siri chini ya barabara. Koki nyingine hazikuwa na muhuri, nyingine zilikuwa pana kuliko kibali. Mhandisi wa mamlaka yoyote ya maji hapa kwetu angejisikia nyumbani.

Frontinus alikuwa na watumwa wapatao 700 wa kuitunza mifereji hiyo: 240 walioachwa na Agrippa, msimamizi wa maji wa enzi za Augusto, na 460 walioongezwa na Kaisari Klaudio. Alijua wako wapi, nani mwangalizi wa mabirika, nani wa doria, nani wa kupiga lipu. Tusilipite jambo hilo haraka. Maji ya Roma yalitunzwa na watu waliomilikiwa, na Frontinus hakuyaandika majina yao. Anayetaka kuuiga ufanisi wa Roma atupe kwanza jibu la namna ya kuupata kwa watu huru wenye mishahara.

Pamoja na umakini wake wote, hesabu za Frontinus zilikuwa na kasoro ya msingi. Alipima upana wa tundu ambamo maji yanapita. Hakupima mwendo wa maji. Aliona kwamba maji yaendayo kasi hutoa kiasi kikubwa zaidi, lakini hakuwa na njia ya kuliingiza hilo katika hesabu. Kwa hiyo hatuwezi kuwa na hakika ni kiasi gani cha upotevu alichokiona kilikuwa wizi na ni kiasi gani kilikuwa kosa la kipimo.

Sasa sikilizeni. Katika karne hiyohiyo, Alexandria ya Misri, mwalimu aliyeitwa Heron aliandika kitabu juu ya chombo cha upimaji. Humo akaeleza kwamba haitoshi kujua ukubwa wa mkondo ukitaka kujua chemchemi inatoa maji kiasi gani. Lazima ujue na kasi yake. Akatoa na njia: chimba birika, elekeza maji humo, tumia saa ya jua, tazama kwa saa moja yameingia maji kiasi gani. Dawa ya hesabu za Frontinus ilikuwa imeshaandikwa. Meli za ngano zilikuwa zikitoka Alexandria kwenda Italia kila msimu. Njia ilikuwepo, na ilikuwa na shughuli nyingi. Hata hivyo katika kitabu cha Frontinus hakuna dalili ya somo la Heron.

Ilibidi zifike enzi za Galileo. Mwanafunzi wake, mtawa Benedetto Castelli, profesa wa hisabati katika chuo kikuu cha Roma, alichapisha mwaka 1628 kitabu kilichoeleza waziwazi kwamba kiasi cha maji yanayopita ni eneo la mkondo mara kasi yake. Jiji lilelile, miaka 1,500 baadaye. Leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiandika kanuni hiyo kwa mstari mmoja. Swali linalonisumbua ni hili: katika maktaba za vyuo vyetu kuna tasnifu ngapi za upotevu wa maji ambazo hazijawahi kufunguliwa na mtu wa ofisi ya maji iliyoko barabara ya pili?

Mikono bila kitabu

Ukuta huo hutenda kazi pande zote mbili. Kuba la Pantheon, lililokamilika mnamo mwaka 126 BK, lina kipenyo cha mita 43, na hadi leo hakuna kuba la zege lisilo na nondo linalolizidi ukubwa. Waliolijenga walitia mawe mazito katika zege la chini, na kadiri walivyopanda wakatia mawe mepesi zaidi, mpaka juu kabisa wakatumia mawe ya volkano yenye matundu. Hawakuwa na milinganyo ya mkazo. Walikuwa na mazoea yaliyorithishwa kutoka fundi hadi fundi.

Mazoea hayo yalipokatika, ujuzi ulipotea. Katika miaka ya 1750, John Smeaton alipotaka kujenga mnara wa taa wa Eddystone huko Uingereza, ilimbidi afanye majaribio yake mwenyewe kutafuta chokaa inayoshika ndani ya maji, jambo ambalo mafundi wa bandari za Roma walilifanya kila siku. Na mwaka 2023 watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, walichapisha utafiti juu ya vibonge vyeupe vya chokaa vilivyomo ndani ya zege la Kirumi. Kwa muda mrefu vibonge hivyo vilidhaniwa kuwa ni uchanganyaji mbaya. Wao walionyesha kwamba vilitokana na chokaa mbichi kuchanganywa ikiwa bado inachemka, na kwamba zege likipata ufa na maji yakaingia, chokaa hiyo huyeyuka na kuuziba ufa. Vitruvius ameeleza chokaa iliyozimwa kwanza. Kwa hiyo kuna jambo ambalo mafundi walilitenda na mwandishi mkuu wa fani yao hakuliandika.

Mafundi wetu nao wanajua mchanga wa mto upi unafaa zege na upi una chumvi, na udongo wa kilima kipi huvimba mvua zikija. Nani anaandika?

Na mikono bila kitabu si hasara ya kumbukumbu tu. Mwaka 27 BK, huko Fidenae karibu na Roma, mtu aliyeitwa Atilius alijenga uwanja wa mbao wa michezo. Hakuweka msingi kwenye ardhi imara, wala hakuzifunga mbao barabara. Uwanja ukajaa, ukaporomoka. Mwanahistoria Tacitus anataja watu 50,000 waliokufa au kujeruhiwa. Seneti ikamfukuza Atilius na kuamuru kwamba uwanja usijengwe tena ila kwenye ardhi iliyothibitishwa kuwa imara. Sheria ilifuata maiti. Sisi tuliozika watu 36 Dar es Salaam baada ya ghorofa kuanguka Machi 2013, na zaidi ya 50 Huruma, Nairobi, Aprili 2016, hatuna haja ya kuelezwa maana yake.

Ukuta ulivyoingia chuoni

Shule ya madaraja na barabara ya Paris ilianza mwaka 1747 chini ya mhandisi Perronet. Wanafunzi wakubwa waliwafundisha wadogo, na sehemu ya mwaka walikwenda kwenye kazi zinazoendelea. Mwaka 1794 ikafunguliwa École Polytechnique, iliyotanguliza hisabati. Zote mbili zilitoa wahandisi hodari, na tangu wakati huo kila chuo cha uhandisi duniani kinavutwa na kamba hizo mbili.

Kwetu, Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, mafunzo kwa vitendo yaliwekwa ndani ya masomo. Mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi Tanzania ilianzisha mpango wa kuwalea wahitimu kazini kwa miaka mitatu chini ya wahandisi wazoefu. Waasisi wa mipango hiyo waliuona ukuta. Lakini tuseme kweli. Kijana anaweza kupelekwa kwenye mafunzo ya vitendo, akakabidhiwa kazi ya kutoa nakala na kuleta chai, akajaza kitabu cha kumbukumbu usiku wa mwisho, akapata alama nzuri. Karakana inaweza kuwa na mashine ambazo wanafunzi huonyeshwa na hawaziwashi. Fundi mchundo mwenye miaka 30 kazini huitwa kubeba vifaa, na mwenye shahada ya uzamili hufundisha kuchomelea kwa kutumia picha ukutani.

Lugha nayo imo. Nchini Tanzania mhandisi anafunzwa kwa Kiingereza, kisha anapelekwa saiti ambako msimamizi, fundi nondo na kibarua wanaongea Kiswahili. Vitruvius alikumbana na jambo hilo: elimu ya ujenzi ilikuwa imejaa istilahi za Kigiriki, naye akaandika kwa Kilatini, akikiri kwamba istilahi hizo ni ngeni kwa msomaji. Kazi kama hiyo inatungoja sisi.

Tufanye nini

Sikuja na mtaala mpya mfukoni. Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalongoja msaada wa nje.

La kwanza: kila mwanafunzi, tangu mwaka wa kwanza, akabidhiwe kazi moja iliyopo, iwe kalvati, tangi la maji, laini ya umeme au mfumo wa kompyuta wa zahanati. Aifuate kwa miaka yote minne. Aipime, aandike inavyochakaa, ajue nani anaitengeneza na kwa fedha gani. Tumezoea kumpa mwanafunzi karatasi tupu achore kitu kipya, ilhali sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi atashughulika na vitu ambavyo wengine walivichora.

La pili: fundi mchundo aingie darasani kama mwalimu, alipwe kama mwalimu, na saini yake iwe na uzito katika alama za mwanafunzi.

La tatu: tufundishe maporomoko yetu. Ripoti za uchunguzi wa majengo na madaraja yaliyoanguka ziwe vitabu vya kiada, zisomwe na kubishaniwa. Mficha uchi hazai. Datus alichonga aibu ya Saldae kwenye jiwe, na leo inatufaa sisi.

La nne: tasnifu yoyote inayohusu huduma ya umma iwe na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa tano, na mwanafunzi aupeleke mwenyewe kwenye ofisi inayohusika, auwasilishe, aulizwe maswali na watu wa kazi. Asiyeweza kumweleza msoma mita alichokigundua, bado hajahitimu.

Najua kuna watakaosema haya yatashusha hadhi ya chuo kikuu, kwamba vyuo vya ufundi vipo kwa kazi hiyo. Nawajibu kwa mfano wa Frontinus. Hakuna aliyekuwa na hadhi kubwa kuliko yake katika ofisi ile, naye ndiye aliyekwenda chanzoni na kipimo. Na kwa wale watakaosema nadharia ipunguzwe, nawajibu kwa mfano uleule: alikwenda chanzoni, akapima kwa bidii, na akapata jibu lisilo sahihi, kwa kukosa kanuni ambayo mwalimu wa Alexandria alikuwa nayo. Tunahitaji hisabati zaidi, na tunahitaji matope zaidi, katika mtu mmoja. Wakuu wa idara mliopo hapa, muhula mpya unakaribia. Pendekezo la kwanza linaweza kuanza na darasa moja na kalvati moja lililo nje ya lango la chuo. Lianzeni.